Gereji moja Tabora mjini: waranti ina siku sita tu imeisha, nikapigwa bili ya 685,000 kwa tatizo lile lile

Haya ni maoni yangu kuhusu gereji moja hapa Tabora mjini iliyonifanyia ovahoo ya injini ya Noah yangu, yaani kuifungua yote na kubadilisha vilivyochakaa, mwezi wa tatu, alafu mwezi wa sita ikanidai tena 685,000 kwa tatizo ambalo nilishawaambia tangu mwezi wa tano. Jina lao sitaandika kwasababu tulikaa chini tukaelewana kwa sehemu, wenyewe wakisoma watajijua. Nawapa nyota mbili kati ya tano na hizo mbili nitasema zimetoka wapi.

Gari yenyewe ni Noah old model, injini ya 3S, ile ambayo injini inakaa chini ya viti vya mbele. Mimi nauza asali. Naifuata Sikonge na vijiji vya ndani huko, naipakia kwenye madumu ya lita ishirini, viti vya nyuma nilishavitoa zamani, naileta mjini nachuja na kufungasha nyumbani, na naendesha mwenyewe. Kwahiyo gari ikilala na mimi nimelala, ada za watoto zimelala, kila kitu kimelala, ndio maana hii habari imeniuma mnoo na ndio maana naandika kirefu.

Mwezi wa pili ilikuwa inakula oili vibaya sana, moshi wa bluu nyuma mpaka watu wa bodaboda wananipigia kelele. Nikaulizia, nikaelekezwa hapo. Pamepangika kweli, kuna geti, kuna mzee anaandika magari yanayoingia na kutoka, kuna benchi la wateja chini ya mwembe, mafundi wana ovaroli. Wakasema inatakiwa ovahoo, ringi pistoni, beringi, gasketi zote, oili sili, jumla na ufundi 1,450,000. Nikalipa kwa awamu mbili. Tarehe 11 Machi nikakabidhiwa gari, inawaka kwa mguso mmoja, moshi hakuna, nilifurahi sana siku ile siwezi kusema uongo. Na wakanipa karatasi yenye muhuri imeandikwa waranti ya kazi miezi mitatu au kilomita 5,000, kinachotangulia, haihusu uzembe wa dereva.

Hiyo karatasi niliikunja nikaweka kwenye pochi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaiacha kwenye dashibodi, na hilo ni kosa ambalo naomba mtu mwingine asilifanye, kwasababu zile karatasi zinachapwa kwa joto na jua la Tabora mnalijua, mwezi wa sita nilipoitafuta imekuwa nyeupe pee, hata tarehe haisomeki. Risiti ukipewa ipige picha hapo hapo dirishani kabla hujawasha gari.

Mwezi wa nne wote gari safi. Mwezi wa tano katikati nikaanza kuona maji ya rejeta, yale ya kupoza injini, yanapungua. Asubuhi naongeza lita moja, kesho yake naongeza tena, nikiinama kuangalia chini hakuna tone hata moja. Alafu asubuhi ukiwasha kuna moshi mweupe kwa muda kidogo unapotea. Mimi sio fundi lakini gari nimeendesha miaka kumi na mbili, najua maji hayawezi kupotea hivi hivi. Tarehe 21 Mei nikamtumia fundi wao meseji ya WhatsApp, bado ninayo, nimeandika hivi: "Fundi habari za leo, maji yanapungua kila siku, leo nimeongeza lita na nusu na chini hakuna kinachovuja, kesho naileta." Akanijibu kwa sauti, lete mama tuiangalie.

Tarehe 22 Mei nikaipeleka. Wakasema ni mfuniko wa rejeta haushiki presha, mwingine unatoka Dar, alafu huyo fundi aliyefanya injini akapata msiba Nzega akaondoka, gari ikakaa pale mpaka tarehe 30 Mei. Siku nane. Mimi natembea kwa miguu na asali ya watu iko Sikonge imeshakamuliwa. Wakaweka mfuniko, nikalipa 25,000 ya huo mfuniko, nikauliza sasa ndio imepona? Kijana wa pale akaniambia mama wewe ongeza tu maji, injini ikitoka ovahoo inakuwa bado inajitengeneza, itakaa sawa yenyewe. Nikaamini. Nilitakiwa nimwambie aandike hayo maneno yake kwenye karatasi alafu asaini, sikufanya hivyo.

Waranti ikaisha tarehe 11 Juni. Tarehe 17 Juni natoka Sikonge na madumu 22, saa tisa alasiri, kumebaki kama kilomita ishirini kufika mjini, mshale wa temperecha ukaanza kupanda. Kabla haujafika juu nikasikia mvuke unatoka chini ya kiti nilichokalia, ule wa harufu tamu tamu ya kulanti. Nikatoka barabarani nikazima hapo hapo. Nasisitiza hilo kwasababu baadae walisema nimeendesha gari inachemsha. Sikuendesha. Nilikaa chini ya mti masaa mawili, malori ya tumbaku yanapita tu, mpaka mwenye Fuso mmoja akanionea huruma akanivuta kwa kamba mpaka gereji, nikampa 20,000, Mungu ambariki yule baba.

Kesho yake wakafungua hedi, kile kichwa cha juu cha injini. Jioni nikapigiwa simu niende kuchukua bili. Hedi gasketi, ile ya kuziba kati ya hedi na injini, 120,000. Kuchonga hedi inyooke 80,000. Boliti za hedi 90,000. Oili na filta 75,000. Ufundi 300,000. Na hata ile 20,000 ya kuvuta gari wameiandika kwenye bili yao wakati nilimpa mwenye Fuso mimi mwenyewe mkononi. Jumla 685,000. Nikamwambia kijana wa kaunta, hii si kazi yenu wenyewe ya mwezi wa tatu? Akachukua karatasi yangu ya waranti akahesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani, akasema mama imeisha tarehe kumi na moja, leo tarehe kumi na nane, hapo mimi sina la kufanya. Nikasema lakini hili tatizo nililileta mwezi wa tano. Akasema mwezi wa tano ulileta mfuniko wa rejeta, hii ni hedi.

Hapo ndipo niliposhikwa na uchungu hasa. Mgonjwa akienda hospitali na kikohozi akapewa dawa ya kifua, akirudi amezidiwa huwezi kumwambia ule ulikuwa ugonjwa mwingine. Maji kupungua ndio ugonjwa niliopeleka. Kuugundua ni kazi ya fundi, mimi kazi yangu ni kusema gari inanisumbua nini, na nilisema, na nilisema ndani ya muda.

Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi chini ya mwembe muda mrefu. Yule mzee wa getini akaja akanisalimia, mama mbona hivyo leo, nikamweleza. Hakusema kitu kikubwa, alisema tu usilipe leo, nenda nyumbani ukalale kwanza. Nikafanya hivyo.

Kesho yake nikaenda Isevya kwa fundi mmoja mtu mzima ambaye alifanya kazi karakana ya reli miaka mingi kabla hajastaafu, sasa anatengeneza magari nyumbani kwake. Nikamwambia shikamoo mzee, naomba uje uniangalizie kitu sio kutengeneza, kuangalia tu, nitakulipa muda wako. Akasema tukaombe ruhusa kwa wenyewe kwanza, mimi siwezi kuingia kwenye kazi ya mwenzangu kama mwizi. Tukaenda, wakakubali, na hapo nawapa nyota ya kwanza, kwasababu gereji nyingi zingenifukuza au zingesema hedi imeshapelekwa kuchongwa. Wao hedi walikuwa nayo bado, gasketi ya zamani ipo, kila kitu kipo mezani.

Yule mzee kwanza hakuangalia hedi. Alivaa miwani akainama kuangalia pistoni. Akaniita, mwanangu njoo uone mwenyewe. Pistoni ziko nne, tatu juu zina masizi meusi kama sufuria ya kuni, moja, ya pili kutoka mbele, safi inang'aa kama imesuguliwa na mchanga. Akasema hii imeoshwa na mvuke. Maji yalikuwa yanaingia kidogo kidogo kwenye silinda hii, kila moto ukiwaka yanageuka mvuke yanasafisha masizi yanatokea kwenye ekzosi, huo ndio moshi mweupe uliokuwa unauona asubuhi. Alafu akasema neno ambalo ndilo lililoniokoa, pistoni haiwezi kuwa safi hivi kwa safari moja, hii ni kazi ya wiki nyingi.

Akachukua ile gasketi akaigeuza. Kati ya silinda ya pili na njia ya maji kuna sehemu imeungua upana wa kidole, na pembeni yake kuna kutu na uchafu mgumu umeganda. Akaukwaruza kwa kucha hautoki. Akamwonyesha fundi wao, kijana hii kutu imeanza jana? Yule fundi alikaa kimya. Akaweka rula ya chuma juu ya hedi akapitisha fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, ya milimita 0.15 ikapita katikati. Akasema hata ya 0.05 ikipita hapa hedi lazima ichongwe kabla ya kufungwa. Sasa hapo wao wangeweza kusema imepinda juzi kwasababu imechemsha, na yule mzee alisema wazi kwamba hilo linawezekana, hakutaka kusema asichokiona. Lakini pistoni na kutu havina njia nyingine ya kuvieleza.

Alafu akauliza themostati iko wapi, kile kifaa kinachofunguka na kujifunga kuruhusu maji ya injini yaende kwenye rejeta. Hakuna. Nyumba yake ipo, yenyewe hakuna. Fundi wao akasema tulitoa kwenye ovahoo mzee, huku kwetu joto, themostati ni ya nchi za baridi. Hili naomba niliandike kwa kirefu kwasababu nimekuja kugundua karibu kila mtu mjini hapa anaamini hivyo, hata mimi niliamini. Yule mzee hakugombana naye. Akanituma dukani nikanunue themostati mpya ya 3S, 35,000, nikarudi nayo. Pembeni ya gereji kuna mama ntilie, akaomba sufuria ya maji yanayochemka iliyokuwa jikoni, akaitumbukiza themostati kaifunga kwa uzi kama anavua samaki. Tukasimama wote tunaangalia, mafundi watano na mama ntilie mwenyewe. Muda mfupi tu ile sahani ya katikati ikaanza kusukumika yenyewe taratibu mpaka ikafunguka yote. Akaitoa, ikipoa ikajifunga. Akasema inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, sasa niambieni hapa inazuia nini kwenye joto la Tabora? Injini ikipata moto yenyewe imeshafungua. Ila ina kazi ya pili hamuijui, ikifunguka huu upande wa chini unaziba kile kinjia kidogo kinachorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, kinjia kiko wazi muda wote, sehemu ya maji inazunguka humo humo yana moto wake. Gari tupu mjini haitaonyesha, ipakie mzigo uone.

Madumu 22 ya asali ni zaidi ya kilo mia sita, asali ni nzito kuliko maji, lita ishirini inakaribia kilo 28. Nilikuwa nimepakia kama siku zote.

Nikaomba kuonana na mwenye gereji mwenyewe, sio kaunta. Nilipangiwa jioni. Nilikwenda na vitu vitatu, meseji ya tarehe 21 Mei, karatasi ya waranti, na picha za pistoni na gasketi nilizopiga kwa simu na yule mzee ameweka rula pembeni. Sikwenda kwa fujo. Nilimwambia kaka mimi sikuja kukuchafulia kazi, injini mliifanya vizuri oili haili tena, ila hili deni sio langu lote na nitakwambia kwanini.

Akasikiliza. Hoja yake ilikuwa moja tu, mama tukianza kuhesabu siku sita kwako kesho mwingine atakuja na siku ishirini, waranti lazima iwe na mwisho. Na ukweli ni hoja ya maana, mimi mwenyewe nauza vitu, mteja akirudisha asali baada ya miezi akasema imeganda nami ningebisha. Nikamwambia nakubali iwe na mwisho, lakini tuhesabu vizuri. Kuanzia tarehe 22 Mei mpaka 30 gari yangu ilikuwa wapi? Akasema sijui. Nikasema ilikuwa hapa hapa kwako. Siku nane sijaiendesha, imekaa uani kwako inasubiri mfuniko na fundi aliyekwenda msibani. Hizo siku nane mmenihesabia mimi kama siku za waranti?

Akamwangalia kijana wa kaunta, kijana akasema haikukaa hivyo, ilikaa siku mbili tatu. Ndipo nikasema basi tumwite mzee wa getini na daftari lake.

Lile daftari nitalikumbuka maisha yangu yote. Kaunta booku kubwa la jalada gumu limechakaa pembeni, kalipiga mistari kwa rula na kalamu nyekundu, namba ya gari, saa, kilomita, nani kaileta, kaja kufanya nini. Mwandiko wa shule ya zamani, umelala upande mmoja wote. Alilamba kidole akafungua kurasa taratibu mpaka tarehe 22 Mei, namba yangu ipo, saa mbili na dakika kumi asubuhi, na kwenye shida kaandika "MAJI KUPUNGUA". Akafungua tena tarehe 30 Mei, imetoka saa kumi jioni. Kilomita za kuingia na kutoka zimepishana moja tu. Mwenye gereji alisoma mwenyewe kimya alafu akafunga daftari.

Siku nane ukizirudisha waranti yangu inafika tarehe 19 Juni. Gari imekufa tarehe 17. Na hata bila hizo siku nane, neno maji kupungua limeandikwa na mfanyakazi wao mwenyewe siku ishirini kabla waranti haijaisha.

Nilimwambia pia kwamba nilisoma Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ile inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, watu wengi wanadhani ni ya makampuni makubwa na bidhaa feki tu, kumbe inamlinda mteja pia kwenye huduma, na udanganyifu kuhusu waranti umo. Na Mahakama ya Mwanzo ipo mtu anaweza kudai hela yake. Sikumtishia, nilimwambia sitaki kufika huko, nina asali ya kuuza.

Akaondoa ufundi wote 300,000. Akaondoa hedi gasketi 120,000. Ile 20,000 ya kuvuta akaikata kwa kalamu akaomba radhi, akasema iliandikwa kwa mazoea. Nikabaki na kuchonga hedi, boliti, na oili na filta, jumla 245,000. Mimi niliona na kuchonga na boliti vilikuwa vya kwao, mpaka leo naona hivyo, kwasababu hedi isingechongwa kama maji yangetafutwa yalikokwenda mwezi wa tano. Yeye aliona oili na boliti ni vitu vinavyoisha. Tulivutana hapo kama nusu saa, magharibi ikaadhiniwa, nikaona siku nyingine ya gari kulala inanigharimu kuliko hiyo tofauti. Nikalipa. Safari hii nikadai risiti ya EFD ya kiasi kamili nilicholipa, nikaipiga picha pale pale dirishani.

Nyota ya pili namhesabia mwenye gereji, alikaa akasikiliza akasoma daftari na akabadilisha mawazo mbele ya vijana wake, sio wengi wanaweza. Kama ningeishia kaunta ningelipa 685,000 nikaondoka nalia. Nyota tatu nimezishika kwasababu ya mwezi wa tano. Mtu anakuletea gari maji yanapungua bila kuvuja, na kipimo cha kwanza hakina hata gharama. Injini ikiwa ya baridi kabisa, narudia ya baridi, usije ukafungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto yatakuunguza uso, unafungua mfuniko unawasha gari unaangalia maji, viputo vikipanda mfululizo havikomi jua moshi wa silinda unaingia kwenye maji na gasketi imeanza. Dakika tano. Nilifundishwa na yule mzee wa Isevya wakati tunasubiri maji ya mama ntilie. Wangefanya hivyo tarehe 22 Mei kila kitu kingekuwa ndani ya waranti na hedi labda isingefika hapo. Badala yake nikauziwa mfuniko na nikaambiwa injini inajitengeneza.

Na hiyo karatasi yao ya waranti ina shida. Haisemi siku ambazo gari iko kwao zinahesabiwaje, haina sehemu ya kuandika malalamiko ya mteja, na neno uzembe wa dereva limewekwa pale bila maelezo, mtu yeyote anaweza kulichomoa siku yoyote akakutupia. Nilimwambia mwenye gereji, akasema watachapisha nyingine. Sijaiona bado. Ya kwangu ya safari hii aliongezea kwa mkono chini ya muhuri, siku gari ikiwa gereji hazihesabiwi, akasaini na tarehe.

Kama unaenda kwao kwa umeme wa gari nenda bila wasiwasi, wana kijana mmoja mwembamba anakaa kontena la pembeni alinitafutia shoti ya taa iliyowashinda watu watatu, akachukua 15,000 tu. Servisi ya kawaida pia sawa, bei zao ni za kati na spea wanakuonyesha boksi kabla ya kufunga. Kwa injini mimi sirudi, nitakwenda Isevya. Ukienda na ovahoo uliza themostati yako iko wapi, mwambie fundi akuonyeshe kwa macho kabla hajafunga nyumba yake, na tatizo lolote dogo litume kwa meseji ya maandishi hata kama umeshalisema kwa mdomo. Na wakati gari inaingia simama getini uhakikishe mzee ameandika shida yako kwa maneno yako mwenyewe.

Noah imefungwa tarehe 21 Juni na themostati ndani. Nimeshakwenda Sikonge mara tisa tangu hapo, nimepakia madumu 22 kama kawaida, mshale unafika katikati unakaa hapo hapo hausogei, na maji sijaongeza hata kikombe. Yule mzee wa getini nilimpelekea chupa mbili za asali ya miombo. Alikataa ya pili, akasema moja inamtosha, nyingine mpelekee aliyekuvuta na Fuso. Namba ya yule baba sikuichukua, kwahiyo kama unamjua dereva wa Fuso aliyevuta Noah nyeupe njia ya Sikonge jioni ya tarehe 17 Juni, chupa yake ipo kwangu.